Mraba Ndani ya Duara

Jumanne ni siku ya chanjo kwenye zahanati yetu ya mlimani, Mbale,
na Jumanne mbili nimezipitisha nikipalilia chai
isiyokuwa na magugu.

Kijitabu nimekifukia kwenye debe la unga wa mtama,
chini kabisa, kama anayeficha deni.
Kila nikichota, vidole vinakigusa.

Jendeka ana wiki nane. Hajui kwamba anajadiliwa.
Kisimani, Kavere ameapa: sindano ile hufunga kizazi.
Kaambiwa na binamu wa mtu aliye Nairobi,
naye aliisikia kwenye simu,
sauti ya mtu asiyejitaja.
Baba yake yuko Kericho. "Fanya uonavyo," ameniambia,
neno jepesi kwa asiyelala na mtoto.

Nami nina langu, si la kisimani.
Agesa, wa kwanza, alichomwa akarudi na moto.
Paja lilivimba kama kiazi, kilio kikamkauka,
mvua ikipiga mabati nami nikihesabu pumzi.
Alfajiri alilivamia titi kama mwizi.
Wanasema: basi si alipona?
Alipona. Lakini saa nane ya usiku
hapakuwa na mtu pale ila mimi.

Leo nimekwenda. Si kwa imani.
Nimekwenda kugombana.

Sista Mmbone ana raba nyeupe zilizogeuka kijivu.
Nilingoja anifokee mbele ya foleni:
mama mzima wewe, wiki mbili!
Akavuta benchi, akasema,
"Anza na linalokuuma zaidi."

Nikamwaga yote, hata ya Kavere.
Hakucheka. Alielekeza kidevu kwenye foleni:
"Yule mwenye leso ya kijani nilimchoma akiwa mchanga,
na yule, na yule anayesinzia.
Leo wananiletea wa kwao.
Kizazi kingefungwa, ningekuwa nimefunga zahanati."
Benchi zima likaangua kicheko,
nami nikacheka bila kupenda.

Kuhusu homa hakunipaka asali.
"Huenda ikaja. Mwili unajifunza ngumi kabla ya vita.
Mnyonyeshe, mpunguzie nguo.
Ikipita siku mbili, au akilegea akakataa titi,
usingoje Jumanne. Njoo, hata usiku,
gonga kwa mlinzi."

Na dawa ikiharibikia njiani?
Akafungua kikasha cha barafu, akanipa kichupa mkononi:
mraba mweupe ndani ya duara la zambarau.
"Joto likizidi, mraba unaiva. Ukifanana na duara namwaga,
hata kama foleni imefika barabarani."

Nilikitazama kitu kile kidogo
kinachokiri kosa lake chenyewe.
Laiti maneno ya kisimani yangekuwa na mraba,
tuyaanike juani, tuone yanavyogeuka rangi.

"Na lipo usilolijua?"
"Yapo. Sijui nani usiku huu atalia na nani atalala.
Surua ndiyo naijua. Mwaka ule tulilaza wawili wawili
kitanda kimoja, na kile cha dirishani..."
Akafunga kikasha.
Sikumuuliza cha dirishani.

Jendeka hakumtazama aliyemchoma.
Alinitazama mimi,
jicho la mtu aliyeuzwa na ndugu,
kisha ndipo akalia.

Sasa ni saa nane. Mvua imerudi juu ya mabati.
Paja lina joto, si kama la Agesa,
au labda ni mkono wangu uliozoea.
Nimempunguzia blanketi. Nahesabu.
Kijitabu kiko mezani kando ya taa,
kina unga kwenye mgongo,
na tarehe ya leo kwa wino wa buluu.
Baada ya wiki nne kuna nyingine.
Nitagombana tena, nadhani,
ila safari hii nitawahi foleni.